Milingoti ya Kipaimara

Watu husema ukitubu unatoka mwepesi. Labda wao. Mimi nilitubu mbele ya usharika mzima, Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, na nilitoka mle kanisani natamani ardhi inimeze pamoja na viatu vyangu. Sasa niacheni nieleze ilivyokuwa, na mtu asinikatize na pole, maana pole zenyewe ndizo zilizoniharibia siku.

Naitwa Priska, mama yake Brightness. Ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, kijiji cha ndani kidogo ukiiacha barabara ya Njombe kwenda Makambako. Makambako mjini nina kitalu cha miche kando ya lami, huu mwaka wa kumi na nane. Miti ndiyo kazi yangu. Mtu akisimamisha pikipiki akasema anataka milingoti, yaani mikaratusi, kabla sijamhesabia mche hata mmoja namwuliza, "Shamba lako liko wapi? Kuna maji karibu?" Akisema kuna kijito, namwambia achukue kitu kingine, kwa sababu mlingoti unakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Hayo nawaambia watu kila siku. Kwa hiyo mkisikia yanayofuata, msiseme Priska hakujua.

Miaka minane iliyopita lilikuja agizo kwamba hakuna mtoto atakayepata kipaimara bila kupanda miti kumi. Agizo zuri kabisa. Mchungaji wetu, Nahumu, akahubiri kwamba kutunza uumbaji ni ibada kama ibada nyingine, tukalia machozi. Ikaundwa kamati ya mazingira. Mwenyekiti nikawa mimi, angekuwa nani mwingine?

Mwaka huohuo kitaluni nilikuwa na milingoti iliyonidodea. Aliyeiagiza alizima simu. Miche ikarefuka, mizizi ikatoboa viriba vyake vya plastiki ikaingia ardhini, na kila nikimwagilia naona hasara yangu inastawi. Halafu watoto wa kipaimara mwaka ule walikuwa wengi, kila mmoja miti kumi. Mnaona wenyewe.

Juu ya kijiji ilikuwapo chemchemi ya Lugongo. Ilizungukwa na mivengi mikubwa, ile miti ya asili inayopenda kusimama majini, na watu walisema hapo zamani babu zetu walitambikia chini yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona hayo matambiko. Baba yangu mwenyewe aliyasikia tu. Lakini sisi wazee wa kanisa tukipita pale tulikuwa tunaongeza mwendo. Basi nikasimama kwenye baraza la wazee nikasema, "Hivi tutaiacha mizimu ikae juu ya maji ya Wakristo mpaka lini? Tuikate ile miti, tupande ya kanisa. Watoto wapate kipaimara, na siku moja tupate mbao za kuezekea."

Mmoja akasema amina. Wengine wakafuata. Mzee mmoja akaongeza kwamba Mungu alimpa binadamu nchi aitawale, na miti ni sehemu ya nchi. Hatukuuliza zaidi. Nilizungumza kwa sauti ya mtu aliyejaa Roho, kumbe nimejaa viriba.

Siku ya kukata tulipanda na watoto, mapanga, mashoka na nyimbo. Tulipofika tukamkuta Shangazi Twilumba ameketi kwenye mzizi wa mvengi mkubwa kuliko yote, ndoo yake pembeni. Shangazi ni dada wa baba. Mama yangu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na huyo ndiye aliyenilea, akanifundisha kusuka, kupika na kusema kweli. Hayo mawili ya kwanza nilishika.

"Kamwene, Priska," akanisalimia kwa Kibena, kama tumekutana sokoni.

"Kamwene, shangazi. Tunaomba utupishe."

"Mti huu ndio unaoshika maji, mwanangu. Ukiukata, maji yatakwenda."

Wenzangu wa kamati wakanitazama. Nilijua anasema kweli. Naapa nilijua, kama ninavyojua jina langu. Lakini macho ya watu yalikuwa kwangu, na lori la miche lilikwishapakiwa.

Nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Shangazi, na wewe unatetea mizimu?"

"Mizimu siijui," akasema. "Mimi natetea ndoo yangu."

Watoto walicheka. Sisi wakubwa tukanuna. Wanaume wawili wakamshika kwapa wakamwinua, taratibu, kwa heshima eti, na shoka likaanza.

Baraza la wazee likakaa wiki iliyofuata. Kosa: kutetea mambo ya kipagani mbele ya watoto wa kipaimara. Akawekwa chini ya marudi. Kwa asiyejua marudi ya kanisa letu, ni hivi: hukaribii Meza ya Bwana, na ukifa hivyohivyo kanisa halikuziki, mpaka usimame mbele ya usharika utubu, nao wakupokee. Ndiyo tunaita kurudi kundini. Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha. Shangazi aliulizwa kama ana la kusema, akasema hana.

Milingoti ikaota, jamani! Hiyo haina ubishi. Miaka minne ikawa imetupita vimo, imenyooka, ina harufu ya dawa ya kifua. Tukaweka kibao cha Msitu wa Usharika. Wageni walikuja wakapiga picha, na katika picha zote nipo katikati nimevaa kitenge cha umoja wa wanawake. Chini, chemchemi ilianza kupungua. Kwanza ilikuwa unasubiri ndoo ijae, baadaye unachota kwa kikombe, na mwaka jana mwezi wa saba pakabaki tope, kisha hata tope likakauka. Vinyungu vya bondeni, ambako tulikuwa tunalima mboga na mahindi mabichi kiangazi chote, vikapasuka.

Na sisi kanisani tulisemaje? Tulisema ni dhambi. Pombe ya ulanzi imezidi, vijana hawafungi ndoa, sadaka zimelegea. Tulifunga siku tatu kuomba maji. Mimi ndiye niliyeongoza maombi ya siku ya pili, na niliomba vizuri mpaka watu wakaniambia.

Ikabidi tukachote kwenye kisima cha misheni ya Wakatoliki, mwendo wa saa nzima. Bonaventura, mlinzi wa pale, alikuwa anatusubiri getini na meno yake yote nje. "Karibuni, ndugu zetu Walutheri! Kumbe maji ya Roma nayo yanakata kiu?" Kila siku neno hilohilo. Tulicheka kwa sababu tulihitaji maji.

Shangazi miaka hiyo yote hakuacha kanisa hata Jumapili moja. Alikaa benchi la mwisho. Ikifika Chakula cha Bwana alinyanyuka mwenyewe, akatoka, akasimama nje mpaka tumalize, kisha akarudi kupokea baraka. Hakulalamika kwa mtu. Mimi kama mzee wa kanisa nilikuwa nasimama mbele na kitambaa cha kufutia kikombe, na nikiinua macho namwona mgongo kupitia mlangoni. Nikajizoesha kutoinua macho.

Mwezi wa tano mwaka huu akaja mtaalamu wa maji kutoka Njombe, Bwana Remmy, mtu mpole, miwani imefungwa kamba. Akazunguka Lugongo nzima, akapima, akaandika, kisha akaitisha mkutano wa kijiji. Akauliza, "Hii milingoti kwenye chanzo cha maji nani aliipanda?"

Nikajibu mimi, mwenyekiti wa mazingira. Nikasema, "Watoto wa kipaimara."

Mnasikia hiyo? Nilisukumia watoto. Mmoja wao alikuwa binti yangu.

"Nani aliwashauri?"

"Usharika," nikasema.

Bwana Remmy akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nasikitika," akasema, "maana jambo hili halihitaji hata mtaalamu. Muuza miche yeyote wa barabarani pale Makambako angewaambia."

Hakujua anazungumza na nani. Wanakijiji walijua. Hakuna aliyenitazama hata mmoja, wote wakawa wanaangalia vidole vya miguu yao, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kunitazama. Nikajifanya naandika.

Mwezi wa saba, katikati ya baridi, Shangazi akaanguka. Tukamkimbiza hospitali ya Ilembula, wakamhudumia vizuri siku kumi na mbili, kisha daktari akatuita pembeni akasema moyo umechoka, tukamtunze nyumbani. Shangazi mwenyewe alielewa bila kuambiwa. Akamwagiza Mchungaji Nahumu jambo moja tu: anataka Chakula cha Bwana.

Mchungaji akaniita. Alikuwa anasugua mikono. "Mama Brightness, siwezi kumpa mtu aliye chini ya marudi. Baraza litanisulubu. Lakini hawezi kusimama kanisani, nalijua hilo. Atubu hapohapo kitandani, maneno mawili tu, wewe uwe shahidi, jioni hiyohiyo nitampa. Nenda ukaongee naye. Wewe ni mwanawe."

Nikaenda. Shangazi alikuwa ameegemezwa mito mitatu, pumzi inapanda kama anapandisha mlima akiwa amelala.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeletwa au umekuja?"

"Nimeletwa," nikasema. Nikamweleza yote. Maneno mawili, jioni anapata.

"Sawa," akasema.

Sikuamini. "Utatubu?"

"Nataka Meza ya Bwana, Priska. Nimeingoja. Nifundishe hayo maneno, niseme. Nilikosea nini?"

Nikaanza. "Sema, mimi Twilumba nilikosea... kwa kutetea..."

"Kutetea nini?"

Nikajaribu tena. "Nilikosea kwa kutetea... ile miti ya..." Ulimi ukakataa. Alikuwa ananitazama kama mwanafunzi anayesubiri kuandika imla, hana hata chembe ya kejeli usoni. Angeyasema kweli, jamani. Kwa ajili ya kile kipande cha mkate angesema lolote ambalo ningempa kinywani.

Nikaangua kilio. "Shangazi, ile miche ilikuwa yangu. Ilikuwa imenidodea kitaluni. Nilijua milingoti itakausha maji. Nilijua siku ileile."

"Najua ulijua," akasema.

"Unajuaje?"

"Si wewe uliniambia? Mwaka ule niliotaka kupanda milingoti kule chini ya nyumba, ukanikataza. Ukasema, shangazi, utaua kinyungu chako. Mimi huo mlingoti ningeyajulia wapi mambo yake? Nilisimamia maneno yako."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi, kama wasemavyo wenzetu, nilikuwa nimesahau kabisa.

"Kwa nini hukusema barazani? Walikuuliza!"

Akapumua kwanza. "Ningesema, wangekutenga wewe. Brightness alikuwa anasubiri kipaimara, na kitalu kingekufa, nani angenunua mche kwako? Nikasema mimi ni mzee, nitasubiri kidogo. Nilidhani utakuja kusema mwenyewe." Akafumba macho. "Nilidhani ni mwezi mmoja, miwili."

Mwezi mmoja, miwili. Alinisubiri miaka minane.

Jumapili ile walikuwa wawili wa kurudi kundini: msichana mmoja aliyezaa kabla ya ndoa, na Ronald, fundi baiskeli, kwa ajili ya ulevi. Mchungaji alipowaita mbele, nikavua kitambaa changu cha uzee wa kanisa, nikakiweka mezani, nikaenda kusimama nao. Watu wakadhani nimekwenda kumshika msichana mkono. Mchungaji akanikonyeza nirudi. Sikurudi.

Nikasema yote. Miche iliyododa, lori, kwamba nilijua, kwamba nilimtaja Mungu ili nisiitaje biashara yangu, kwamba mizimu niliisingizia, na Shangazi pia nilimsingizia. Nikasema maji ya kijiji nimeyakausha mimi, si ulanzi wa Ronald. Ronald akaguna. Nikasema kwamba aliyestahili marudi miaka minane ni mimi, na aliyeyabeba alikuwa anakijua kisa chote akanyamaza ili mimi nisiaibike. Nikashika reli ya madhabahu. Nilikuwa nangoja wanizomee. Nawaambia kweli, nilikuwa nataka wanizomee.

Mchungaji akafuta jasho, na baridi ile! Akageukia usharika. "Mmemsikia mwenzetu. Mnampokea?"

"Tunampokea!"

Papo hapo. Kinanda kikalia. Wimbo ukaanzishwa, akina mama wakapiga vigelegele, mkono baada ya mkono, wananikumbatia, pole mama, umejishusha, ni wachache wenye ujasiri huo, Mungu atakuinua. Mzee mmoja alinirudishia kitambaa changu begani, akakinyoosha vizuri. Wimbo haukufika ubeti wa tatu, mimi nimekwisha kuwa mtakatifu. Msichana wa watu alikuwa bado amesimama pale pembeni, hakuna aliyekumbuka kumpa mkono.

Baada ya ibada, mnada wa mavuno ukiendelea nje, nikamfuata Mchungaji ofisini. "Twende sasa kwa Shangazi."

"Tutakwenda, mama. Lakini marudi yake yaliwekwa na baraza, lazima baraza likae kuyaondoa. Tuna kikao mwezi ujao, tarehe..."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda. "Mwezi ujao? Mimi niliyekausha maji mmenipokea kwa wimbo mmoja, tena haukuisha! Yule asiye na kosa akae asubiri kikao? Atakufa, Mchungaji! Na mkimzika kama mpagani, mimi nitasimama kaburini nitawataja mmoja mmoja kwa majina, na nitaanza na wewe!"

Nahumu si mtu mbaya. Ni mwoga tu, kama mimi. Aliketi, akaangalia kalenda ukutani, kisha akanyanyuka akachukua kile kisanduku kidogo cha kikombe na mkate. Akasema, "Nitajibu mwenyewe barazani." Tukaenda kwa miguu.

Shangazi alipokea. Mchungaji alimwomba radhi kwa niaba ya kanisa, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo na joho lake jeupe. Shangazi akamwekea mkono kichwani, akasema, "Inuka, mwanangu, utajichafua." Alipopewa mkate alikaa nao mdomoni muda mrefu, machozi yanamtiririka bila kelele. Mchungaji akaaga.

Tukabaki wawili. Nikamtengeneza mito, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nangoja mkono wake na mimi uje kichwani kwangu. Nasema kweli, nilikwisha kuinamisha kichwa.

"Umesema kanisani?" akaniuliza.

"Nimesema yote, shangazi."

"Wakakupokea?"

"Wamenipokea."

"Wamekutesa?"

"Hapana," nikasema kwa sauti ndogo. "Wamepiga vigelegele."

Akageuza uso kuelekea ukutani. Nikasikia pumzi yake ikipanda na kushuka, mpaka nikadhani amelala.

"Shangazi," nikasema, "na wewe nisamehe."

"Mchungaji nimemsamehe," akasema, uso ukiwa kulekule. "Yeye hakujua. Wewe, Priska, leo sina nguvu hizo. Njoo kesho."

Baraza lilikaa, likaondoa marudi, likaandika barua nzuri yenye mhuri. Milingoti imeanza kukatwa, ingawa wazee wanagombania nguzo, na visiki vinachipua upya, hivyo kila asubuhi kabla sijapanda gari la Makambako napitia Lugongo kung'oa machipukizi. Mivengi nimeiotesha mwenyewe kitaluni, imefika kimo cha kiganja. Maji hakuna.

Kisha naenda kwa Shangazi. Kesho yake nilikwenda, akanikaribisha, akaniuliza habari za Brightness, akanywa uji niliompikia, akanishukuru. Nikapiga magoti. Akanitazama bila ukali wowote, kama mtu anayepima uzito wa mzigo na kuona bado hauwezi.

"Njoo kesho," akasema.

Leo ni siku ya sitini na saba.